Kuchopoa Maneno Katika Faili za Kompyuta: Ritifaa, Nafasi na Kiswahili cha Kisangani

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua maneno yanayotumika katika matini fulani ya Kiswahili hana tena haja ya kukata vipande vya karatasi na kuvipanga katika visanduku, kama walivyofanya watunzi wa kamusi wa zamani. Matini imekwisha andikwa kwa kompyuta. Kilichobaki ni kutunga programu fupi itakayoisoma faili, iyachopoe maneno yote, iyapange kwa alfabeti na kuyahesabu. Kazi yenyewe huchukua dakika chache tu.

Hata hivyo, orodha inapotokea huwa na mambo ya kushangaza. Mkulima aliyeeleza namna ya kung'oa mhogo huonekana ametumia kitenzi "oa", kana kwamba alikuwa akizungumzia ndoa. Neno "mama" hujitokeza mara tatu, kila mara na hesabu yake. Vipande kama "ng", "l" na "pital" huorodheshwa kuwa ni maneno. Mtafiti mwenye haraka huvifuta vipande hivyo na kuendelea na kazi, asijue kwamba hesabu yote imekwisha haribika.

Makala hii inakusudia kueleza vyanzo vya kasoro hizo. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Kisangani, ambako Kiswahili, Kilingala na Kifaransa hukutana katika sentensi moja. Hoja yake kuu ni kwamba programu haijui neno ni nini. Hufuata kanuni aliyoiweka mtu fulani, aghalabu kwa ajili ya lugha nyingine. Mtafiti asiyeichagua kanuni hiyo mwenyewe hupima tabia za programu, akadhani amepima lugha ya watu.

2.0 Mazingira ya lugha mjini Kisangani

Kiswahili kilifika katika maporomoko ya mto Kongo kwa njia ya misafara ya biashara ya karne ya 19. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na makao huko, na mwaka 1887 aliteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Dola Huru ya Kongo. Mji uliokua mahali hapo uliitwa Stanleyville, na baadaye Kisangani. Kilingala nacho kilipanda mto pamoja na askari na watumishi wa serikali. Kifaransa kikawa lugha ya ofisi, mahakama na elimu ya juu. Chuo kikuu kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1963 kilifanywa sehemu ya chuo kikuu cha taifa mwaka 1971, na tangu mwaka 1981 kimekuwa Chuo Kikuu cha Kisangani.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayekwenda mtaa wa Kapalata na kinasa sauti ili akusanye mazungumzo hatarajii kurudi na lugha moja. Atarudi na Kiswahili chenye viambishi vya Kongo, chenye maneno ya Kilingala, na chenye vifungu vizima vya Kifaransa. Atayaandika mazungumzo hayo kwa programu ya kuandikia, na aghalabu programu hiyo imewekwa katika Kifaransa. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kabla hata ya uchopoaji wenyewe.

Kiswahili cha Kisangani si lugha isiyo na maelezo ya kitaalamu. Nico Nassenstein alitoa kitabu kuihusu mwaka 2015. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, "swc", sambamba na "swh" cha Kiswahili kingine, na vyote viwili viko chini ya "swa". Lakini msimbo hauifundishi programu mahali pa kukata neno.

3.0 Nafasi na mipaka ya neno

Kanuni iliyo rahisi kuliko zote husema kwamba neno ni kile kilicho kati ya nafasi mbili. Katika Kiswahili sanifu kanuni hii hufaa kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa tahajia ilikwisha kubaliwa na huungwa mkono na kamusi na vitabu vya shule. Katika Kiswahili cha Kongo mambo si hivyo. Mahali ambapo Kiswahili sanifu husema "nyumbani", msemaji wa Kongo husema "mu nyumba". Mwandishi mmoja huandika "mu nyumba", mwingine "munyumba". Mmoja huandika "ku soko", mwingine "kusoko". Hakuna kati yao aliyekosea, kwa kuwa hakuna tahajia moja iliyokwisha wafunga.

Tatizo hili halikuletwa na kompyuta. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Matini hiyo iliandikwa kwa Kiswahili cha mji ule na watu ambao hawakufundishwa tahajia sanifu, na mipaka ya maneno yake haitabiriki. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, hakutegemea macho peke yake. Msaidizi wake, Kalundi Mango, aliisoma matini kwa sauti, na usomaji huo ukasaidia kuamua neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa maneno mengine, mipaka ya neno ilitafutwa katika usemi wa mtu anayeijua lugha, wala si katika nafasi zilizoachwa na taipureta.

Programu haina sikio la namna hiyo. Ikiwa mwanafunzi ameandika "mu nyumba" mara 40 na "munyumba" mara 10, orodha itaonyesha "nyumba" mara 40 na neno jipya "munyumba" mara 10. Hesabu ya "mu" nayo itapungua kwa 10. Kosa hilo haliwezi kuonekana na mtu anayeangalia orodha pekee.

Nafasi zenyewe pia si za aina moja. Uandishi wa Kifaransa huweka nafasi kabla ya alama ya kuuliza, alama ya mshangao, nuktapacha na nuktamkato. Programu ya kuandikia iliyowekwa katika Kifaransa huitia nafasi hiyo yenyewe, nayo huwa ni nafasi isiyokatika, yenye msimbo tofauti na nafasi ya kawaida. Programu ya kuchopoa inayokata kwenye nafasi ya kawaida pekee italiona "wapi" na alama yake ya kuuliza kuwa neno moja, tofauti na "wapi" iliyo katikati ya sentensi.

4.0 Ritifaa

Katika Kiswahili, ritifaa ya "ng'" si alama ya uakifishaji. Ni sehemu ya herufi, na huonyesha sauti moja ya puani. Katika Kifaransa, ritifaa ni alama ya irabu iliyodondoshwa, na huonyesha mpaka kati ya maneno mawili, kama katika "l'hôpital". Kwa hiyo kanuni inayokifaa Kifaransa ni kukata kwenye ritifaa, na kanuni inayokifaa Kiswahili ni kutokata kabisa. Ukikata, "ng'oa" huzaa "oa", "ng'ombe" huzaa "ombe", na "king'ora" huwa "king" na "ora". Usipokata, "l'hôpital" na "hôpital" huwa maneno mawili tofauti katika orodha.

Mtafiti wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuchagua kanuni ya pili na kumaliza tatizo. Mtafiti wa Kisangani hawezi, kwa sababu katika matini yake ritifaa zote mbili zimo, pengine ndani ya mstari mmoja. Kiwango cha Unicode kuhusu ukataji wa maneno huacha ritifaa iliyo kati ya herufi mbili bila kuikata, na hapohapo hukiri kwamba lugha kama Kifaransa na Kiitalia huenda zikahitaji kanuni ya pekee. Jambo ambalo kiwango hicho hakiwezi kulitatua ni sentensi yenye lugha mbili.

Tatizo jingine ni kwamba ritifaa haina umbo moja. Kibodi hutoa alama iliyonyooka. Programu ya kuandikia huigeuza kuwa alama iliyopinda, ambayo ni ileile inayofunga nukuu ya alama mojamoja. Ikiwa alama imetanguliwa na nafasi, hugeuzwa kuwa ile ya kufungua nukuu. Mtu akinakili sehemu ya matini kutoka faili nyingine, alama iliyonyooka huweza kubaki jinsi ilivyo. Hivyo "ng'ambo" moja huweza kuandikwa kwa misimbo miwili au mitatu katika faili moja. Machoni ni neno lilelile, lakini kwa programu ni maneno tofauti.

Kuziondoa ritifaa zote si dawa. Kilingala kina neno "ngambo", nalo humaanisha upande wa pili wa mto. Mjini Kisangani, ambako wilaya ya Lubunga iko ukingo wa kushoto na wilaya nyingine ziko ukingo wa kulia, neno hilo ni la kila siku. Katika maandishi, ritifaa ndiyo tofauti ya pekee kati ya "ng'ambo" ya Kiswahili na "ngambo" ya Kilingala. Anayeifuta ameufuta ushahidi aliokwenda kuutafuta.

5.0 Herufi zenye alama

Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu wala chini. Jambo hili ni neema kwa watunga programu, lakini pia ni mtego. Katika lugha kadhaa za programu, JavaScript ikiwa mojawapo, ishara fupi inayosimamia "herufi ya neno" hujumuisha a hadi z, tarakimu na mstari wa chini pekee. Programu iliyojaribiwa kwa matini ya Kiswahili sanifu haitaonyesha kasoro hii. Ikipewa matini ya Kapalata, "école" hugeuka "cole", na "hôpital" huwa "h" na "pital".

Kilingala kinapoandikwa kitaalamu huhitaji herufi ɛ na ɔ pamoja na alama za toni. Herufi "é" ina msimbo wake mmoja, lakini pia huweza kuundwa kwa "e" ikifuatwa na alama ya toni yenye msimbo wa peke yake. "ɔ" yenye toni ya juu haina msimbo mmoja kabisa, bali ni lazima iundwe kwa misimbo miwili. Programu isiyolijua hilo hudhani kwamba alama ya toni ni mwisho wa neno.

Faili za zamani zina shida zaidi. Kabla ya Unicode kuenea, herufi kama ɛ zilipatikana kwa fonti maalumu. Faili ilihifadhi msimbo wa herufi nyingine, na fonti ndiyo iliyochora ɛ mahali pake. Faili hiyo ikifunguliwa katika kompyuta isiyo na fonti hiyo, au ikisomwa na programu isiyojali fonti, herufi ya asili hujitokeza na neno huharibika. Katika Word, alama zilizoingizwa kutoka fonti za mapambo huweza kusomwa na programu kuwa ni mabano ya kufungua, hata kama mtu anayeitazama karatasi anaona alama nyingine.

6.0 Yaliyofichika ndani ya faili

Karatasi inayoonekana kwenye kioo si faili yenyewe. Tangu mwaka 2007, hati za Word huhifadhiwa kwa kawaida kama mkusanyo wa faili kadhaa zilizobanwa pamoja, na ndani yake maandishi yamegawanywa katika vipande. Kipande kipya huanza mahali ambapo umbo la herufi limebadilika. Huanza pia mahali ambapo mwandishi alirudi siku nyingine kurekebisha, na mahali ambapo kisahihisho tahajia kimeweka alama ya kosa. Mwandishi aliyeandika "wana" leo na kuongeza "funzi" kesho huweza kuwa na neno moja machoni na vipande viwili ndani ya faili. Programu inayotia nafasi kati ya vipande itatoa "wana" na "funzi".

Kila kipande huweza kubeba pia jina la lugha. Hapa mtafiti hushawishika kuitumia alama hiyo kutenganisha Kiswahili na Kifaransa. Ushawishi huo ni wa hatari. Alama hutokana na mpangilio wa programu au wa kibodi, haitokani na lugha ya maneno yenyewe. Katika kompyuta iliyowekwa Kifaransa, mazungumzo yote ya Kiswahili huweza kuwa yametiwa alama ya Kifaransa.

Mazungumzo aghalabu huandikwa katika jedwali la safu mbili, ya kwanza ikiwa ya msemaji na ya pili ya maneno yake. Maktaba za programu zinazotumiwa sana huorodhesha aya za hati bila kugusa zile zilizo ndani ya majedwali. Mtafiti huweza kupata orodha ya vichwa vya habari tu na kukosa mazungumzo yote. Anayesoma seli za jedwali kwa programu ya ndani ya Word hukuta alama ya mwisho wa seli imeganda kwenye neno la mwisho. Tanbihi, visanduku vya maandishi, na maandishi ya juu na chini ya ukurasa hushughulikiwa mbali na matini kuu, na huhitaji kuombwa kwa jina. Kinyume chake, maneno yaliyofutwa huku ufuatiliaji wa mabadiliko ukiwa umewashwa bado yamo ndani ya faili, na huweza kuhesabiwa.

Jambo la mwisho linahusu orodha ya "maneno" ambayo Word yenyewe humpa mtunga programu. Katika orodha hiyo, nukta, mkato na alama ya mwisho wa aya huhesabiwa kila kimoja kuwa neno. Tena nafasi inayofuata neno huchukuliwa kuwa sehemu yake. Ndiyo sababu "mama" inayofuatwa na nafasi na "mama" inayofuatwa na mkato huwa mbili. Ile ya tatu ni "Mama" iliyopewa herufi kubwa na programu kwa sababu imeanza mstari.

7.0 Madhara kwa utafiti

Sentensi ifuatayo imetungwa ili kuonyesha uzito wa mambo haya: "Banapeleka mama ku l'hôpital ya ng'ambo." Mtafiti anataka kujua kiasi cha Kifaransa katika usemi.

Kwa kanuni ya kukata kwenye nafasi pekee, sentensi ina maneno 6, na moja ni la Kifaransa. Kwa kanuni ya kukata pia kwenye ritifaa, ina maneno 8, na mawili ni ya Kifaransa, yaani "l" na "hôpital". Kwa kanuni ya herufi za a hadi z pekee, ina maneno 9, na la Kifaransa linalobaki ni "l" pekee, kwa kuwa "hôpital" imevunjika. Sentensi ni moja, msemaji ni mmoja, lakini majibu ni matatu: moja ya sita, robo, na moja ya tisa.

Ni wazi kwamba tasnifu mbili zilizotumia kanuni tofauti haziwezi kulinganishwa. Mwandishi mmoja atasema kwamba Kifaransa kinakimeza Kiswahili cha vijana. Mwingine atasema kwamba Kiswahili kimesimama imara. Huenda wote wawili wamehesabu mazungumzo ya aina moja. Ikumbukwe pia kwamba makosa haya hayawagusi wasemaji wote kwa usawa. Msemaji wa Kiswahili kilicho karibu na sanifu hupita salama. Yule anayechanganya lugha ndiye maneno yake yanayovunjwa na kutupwa.

Herufi kubwa nazo zina athari zake. Kuzigeuza zote kuwa ndogo huunganisha "Mama" na "mama", lakini katika masimulizi ya wazee kuhusu mwaka 1964, wapiganaji walioitwa Simba, ambao waliuteka mji wa Stanleyville mwezi Agosti mwaka huo, watahesabiwa pamoja na mnyama wa porini.

8.0 Utaratibu unaofaa

Hatua ya kwanza ni kuihifadhi faili ya asili bila kuigusa na kufanya kazi katika nakala. Katika nakala hiyo mabadiliko yote yaliyofuatiliwa yakubaliwe au yakataliwe, kisha hati ihifadhiwe kama matini tupu katika UTF-8, na ihakikishwe kwamba majedwali na tanbihi zimo.

Hatua ya pili ni kuorodhesha herufi kabla ya kuorodhesha maneno. Orodha ya kila alama iliyomo katika faili na idadi yake hufichua papo hapo ritifaa za aina mbili, nafasi zisizokatika na herufi za fonti za zamani.

Hatua ya tatu ni kutenganisha ritifaa. Unicode ina ritifaa ambayo ni herufi, yenye msimbo U+02BC. Ikiwa kila ritifaa ya "ng'" itageuzwa kuwa hiyo, na ile ya Kifaransa ikaachwa kuwa alama ya uakifishaji, programu itaweza kukata ya pili bila kuigusa ya kwanza. Ugeuzaji huu huweza kufanywa kwa amri moja, kwa kuwa ritifaa inayofuata "ng" katika matini hizi kwa kawaida ni ya Kiswahili. Hata hivyo matokeo yake yapitiwe kwa macho.

Hatua ya nne ni kuamua tahajia ya "mu" na "ku" kabla ya kuanza kuandika mazungumzo, na kuifuata hadi mwisho. Lugha ya kila kifungu itiwe alama na mwandishi mwenyewe wakati anaposikiliza sauti, kwa sababu wakati huo ndipo anapoijua.

Hatua ya tano ni kuchagua kurasa chache, kuhesabu maneno yake kwa mkono, na kulinganisha na hesabu ya programu. Tofauti ikitokea, kanuni irekebishwe na jaribio lirudiwe.

9.0 Hitimisho

Mkusanyo wa matini za Kiswahili uliojengwa Helsinki chini ya Arvi Hurskainen ulifikia maneno milioni 25 katika toleo lake la pili, na umeonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuutumikia uchambuzi wa Kiswahili sanifu. Kiswahili cha Kongo kinastahili huduma hiyohiyo, na huenda kikaipata kwa tasnifu ndogondogo za wanafunzi zikiunganishwa pamoja. Zitaunganishika iwapo kila moja itaeleza waziwazi neno lilihesabiwaje: ritifaa ilikatwa au haikukatwa, "mu" iliandikwa peke yake au iliunganishwa, herufi kubwa ziliachwa au ziligeuzwa. Maelezo hayo hayazidi nusu ukurasa. Bila hayo, jedwali la mwisho wa tasnifu haliwezi kutumiwa na mtu mwingine yeyote, na usemi wa watu wa Kapalata utakuwa umekusanywa bure.